Kwanza Aonje Gaudiosa

Kimamba ukimuuliza mtu kwao ni wapi, hakuambii Kimamba. Atakwambia Mahenge, au Njombe, au Songea, kule alikotoka babu yake kuja kukata mkonge, na yeye mwenyewe hajawahi kukanyaga huko hata kwa bahati mbaya. Mfano ni Ditram wa bodaboda. Kwao ni Mahenge. Ukimwomba akupeleke huko atakuuliza njia inaanzia wapi. Lakini ndivyo watu wa pale walivyolelewa. Ukiulizwa kwenu, unataja kaburi la mbali kuliko yote unayoyajua. Anayejibu "kwetu ni hapa hapa" anaonekana kama mtu aliyeokotwa.

Kwa hiyo siku ile pale zahanati, kijana mwenye simu na kipaza sauti alipomuuliza Gaudiosa, "Mama, kwenu wapi?" Gaudiosa hakufikiri. Alijibu kama ambavyo angejibu mtu yeyote wa mtaa wake.

"Kwetu Burundi."

Alikuja akiwa mgongoni mwa mama yake. Burundi yenyewe anayoikumbuka ni harufu ya kitenge kilicholowa mvua, na hata hiyo hana hakika kama ni ya Burundi au ya njiani. Mama yake alikata mkonge mpaka mikono ikakataa, akazikwa Kimamba, upande wa juu wa makaburi, penye miiba. Gaudiosa akakua, akaolewa na Abeli fundi pancha, na akajifunza kupika togwa, kinywaji cha uji uliotiwa kimea, kwa bibi mmoja wa Kikaguru. Huo ndio uliokuwa urithi wake: sufuria, ndoo nyeupe yenye mfuniko, kata ya kibuyu, na mkono unaojua kimea cha ulezi kinatosha lini.

Togwa yake ilijulikana. Alikaa nayo karibu na reli, pale bodaboda wanapoegesha, chini ya kibanda cha mabati mawili. Na togwa ina sheria yake. Muuzaji ndiye anayetangulia. Anachota, anatia kwenye kikombe cha mteja, anapiga funda moja mteja akimwona, ndipo anampa. Hiyo ndiyo kutoa wasiwasi. Asiyeonja anaficha kitu. Watoto wadogo wanaijua sheria hiyo kabla hawajajua kuhesabu.

Sasa siku ile ya zahanati. Mvua za masika zilikuwa zimepiga, mto ukatoka nje, vyoo vikajaa, na kisima cha mtaa wao kikageuka rangi. Watu wakaanza kuharisha. Yared, mtoto wa jirani yake Monica, alizidiwa wakati mama yake yuko sokoni anauza wali. Gaudiosa aliacha ndoo yake, akamfunga mtoto mgongoni, akamkimbiza. Aliyekuja na simu alikuwa Frank, wa televisheni ya mtandaoni, anajulikana maana hata harusi huwa anapiga picha. Akamrekodi Gaudiosa na mtoto mgongoni. Gaudiosa akaeleza mambo ya mto, vyoo, kisima. Nesi naye akaeleza kisima. Frank akashukuru, akaondoka.

Kilichorushwa hakikuwa na kisima. Kilikuwa na muziki wa huzuni, maandishi mekundu, WIMBI LA WAGENI NA MARADHI: KIMAMBA HATARINI, na sauti nzito ya mtu aliyekuwa mbali sana na Kimamba ikisema kwamba vyanzo vinadokeza wahamiaji kutoka nchi jirani ndio wanaoingiza ugonjwa. Halafu uso wa Gaudiosa, umezungushiwa duara. "Kwetu Burundi." Basi. Halafu anaonekana anatembea na mtoto amelegea mgongoni, kana kwamba ametoka naye hivyo hivyo mpakani kwa miguu.

Ditram ndiye aliyemwonyesha. Alidhani ni jambo la kuchekesha.

"Da' Gau, umekuwa staa! Angalia watazamaji hao!"

Gaudiosa aliangalia mara moja, akarudisha simu. "Mbona wamenikata?"

"Ndiyo televisheni hiyo. Wewe si umeonekana?"

Kesho yake asubuhi alikaa kwenye kibanda chake kama kawaida. Ditram na wenzake walikuwa pale pale, hatua chache tu, wanachezea funguo za pikipiki. Jua likapanda. Hakuna aliyesogea. Mwisho akaja mmoja, Samweli, kijana mpole, kwa aibu ya kuwa wa kwanza kukataa. Akanyoosha kikombe. Gaudiosa akachota, akatia, akakipeleka mdomoni kama siku zote.

"Ah, da' Gau," Samweli akasema haraka, mkono hewani. "Leo usionje. Nipe tu."

"Nikupe bila kuonja?"

Samweli akatazama nyuma. Wenzake walikuwa wanasubiri. Ditram akapaza sauti: "We Samweli! Unakunywa cha mtu asiyeonja? Kwenu hamkufundwa?"

Kicheko. Samweli akabaki na mkono wake hewani. Akionja Gaudiosa, kuna mate ya mtu wa televisheni. Asipoonja, kuna sumu. Akakipokea kikombe, akakiweka taratibu kwenye benchi, akasema, "Nitapita baadaye, da'," akaondoka.

Siku iliyofuata Gaudiosa akaleta kikombe chake cha pembeni, cha bluu. Akawa anaonja kwenye kile, halafu anamchotea mteja kwenye kingine. Alifikiri amepata mlango. Mwanamume mmoja aliyeshuka kutoka Masanze na gunia la mpunga akamtazama akifanya hivyo, akauliza, "Mbona umejitenga? Hicho chako kina nini na hiki changu kina nini?"

"Vyote vimetoka ndoo moja, kaka."

"Basi kunywa changu."

Akanywa. Yule mtu akakipokea kikombe, akakizungusha, akaona watu wa kijiwe wanavyomwangalia. Akakimwaga kwenye nyasi. "Samahani mama," akasema. "Mimi ni mpita njia tu. Wanaokujua hawanywi, mimi ninywe kwa ujasiri gani?"

Jioni alibeba ndoo kama alivyokuja nayo. Togwa iliyolala sana huwa kali. Aliwamwagia nguruwe wa jirani, nao hawakuuliza kwao ni wapi.

Akaenda kwa Mzee Oswald, mwenyekiti wa mtaa, mtu aliyemzika mama yake kwa mikono yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Alikuwa ameiona ile habari. Kila mtu alikuwa ameiona. Gaudiosa akamwomba aende naye Kilosa mjini, wakawaambie wakubwa wa wilaya waiagize televisheni ile iifute. Mzee Oswald akakuna kidevu.

"Ukienda kulalamika, la kwanza watakuuliza jina. La pili karatasi. Karatasi unayo?"

Gaudiosa akatikisa kichwa. Wakati wa kuandikishwa vitambulisho aliambiwa alete cha mama yake, na mama yake hakuwahi kuwa nacho.

"Unaona?" mzee akasema, si kwa ubaya. "Mimi nakujua. Lakini mimi siyo karatasi. Kaa kimya, mwanangu. Habari huwa inaoza yenyewe."

Lakini hii haikuoza. Watu walikuwa wanatumiana. Kila mtoto akiumwa tumbo, mahali popote wilayani, mtu anairudisha tena na kuandika "mliambiwa".

Pa kukimbilia pakabaki Mikumi tu. Abeli alikuwa huko, barabara kuu, anaziba pancha za malori. Anakuja nyumbani akipata nafasi. Gaudiosa akampigia akiwa amesimama nyuma ya nyumba, mahali mtandao unaposhika.

"Nataka nije huko, Abeli. Nitapika togwa, madereva watanywa. Huko hawanijui."

Lori likasikika linapita upande wa pili, likachukua muda mrefu kuisha.

"Abeli?"

"Hapa nao wameiona," Abeli akasema. "Juzi wameniletea simu. Wakaniuliza, huyu si mkeo? Wakati mmoja ulinifuata hapa na ndoo yako, wanakukumbuka."

"Ukasemaje?"

Akasikika anagongagonga rimu.

"Abeli, ukasemaje?"

"Nikasema anafanana naye." Akaharakisha. "Gau, wangenihamisha kwenye kile kijiwe. Nani angeleta tairi lake? Ni kwa muda tu. Ikipoa..."

Gaudiosa aliishusha simu, akaitazama. Ilikuwa bado inaongea, sauti ndogo ya mume wake. Akaibonyeza ikanyamaza.

Mara moja alimkuta Frank mwenyewe, amekuja na pikipiki kupima uwanja wa Monica. Letisia, binti wa kwanza wa Monica, alikuwa karibu kupokea kipaimara kanisani, na Frank alikuwa ameitwa kupiga picha. Gaudiosa akamsogelea. Alikuwa mtoto tu yule Frank, ndevu zenyewe bado zinaulizia njia.

"Shikamoo mama," akasema, macho chini.

"Marahaba. Nilikwambia maji ya kisima."

"Mama, siyo mimi. Mimi natuma, wao wanakata."

"Na nesi naye alisema kisima."

"Naye walimkata." Frank akajikuna shingo. "Maji ya kisima hayaangaliwi, mama. Nilishaleta habari ya kile kisima mara mbili kabla yako. Hakuna aliyefungua. Tatizo ndiyo hilo. Lakini tunaweza kufanya nyingine. Ufafanuzi. Utasema yote."

Moyo wa Gaudiosa ukainuka kidogo. "Utaanzaje?"

"Kama kawaida. Jina lako nani, kwenu wapi..."

"Nikisema Kimamba?"

"Watasema muongo, mbona kwanza alisema Burundi."

"Nikisema Burundi?"

Frank akatafuta ufunguo mfukoni. Akawasha pikipiki yake bila kuaga vizuri.

Sasa ile togwa ya kipaimara. Tangu Letisia akiwa darasa la nne Monica alikuwa amesema: siku ya kipaimara chake togwa atapika Gaudiosa, na Gaudiosa atatangulia kuonja mbele ya watu wote. Kwao hilo siyo jambo dogo. Anayeonja sherehe ya mtu ni ndugu wa ile nyumba. Gaudiosa hakuwa na ndugu mwingine pale zaidi ya yule aliyelala kwenye miiba. Alikuwa ameshanunua kitenge cha kuvaa siku hiyo, cha majani na kahawia.

Monica akaja kupitia uani, siyo mlango wa mbele. Siku hizi alikuwa anapita uani.

"Shoga."

"Karibu, mama Letisia."

Hakukaa. Akashika mfuniko wa ndoo, akaupangusa ingawa ulikuwa safi. "Togwa ipo pale pale. Watu wanaitegemea. Upike tu kama tulivyosema."

"Nitapika."

"Ila..." Akaupangusa tena. "Nitakuja kuichukua mwenyewe. Wewe upumzike."

Gaudiosa alimwangalia. "Ataonja nani?"

"Nitaonja mimi. Nitasema nimepika mimi." Kisha machozi yakamjia Monica, na kwa sababu ya machozi akawa mkali. "Unataka nifanyeje? Niseme ukweli? Niwaambie aliyeumwa ni wangu, wewe ulimbeba tu? Wataacha na wali wangu. Yared watamtoa shuleni. Nina watoto, Gaudiosa!"

"Mimi sijasema useme."

"Basi usiniangalie hivyo."

Gaudiosa akaangalia pembeni. Wakati mwingine unamwonea huruma mtu anayekukanyaga, kwa kuwa unaona hata yeye hana pengine pa kuweka mguu.

Akapika. Alichemsha uji mpaka ukaiva kabisa, akaupooza, akatia kimea, akafunika, akaacha ulale. Asubuhi ya kipaimara ilikuwa imesimama vizuri, tamu kwa mbele na uchachu mdogo nyuma. Monica akaja na mtu wa kumsaidia, wakaondoka na ndoo. Kata wakaisahau. Au waliiacha, maana kila mtu aliijua ile kata.

Nyumba mbili zile zinatenganishwa na uzio wa mabua. Gaudiosa alikaa kwenye kigoda upande wake, amevaa kitenge chake kipya, maana hakuwa na sababu ya kukivaa wala sababu ya kutokivaa. Aliona kila kitu kwa vipande, katikati ya mabua. Turubai la bluu. Spika. Letisia na gauni jeupe. Mzee Oswald kwenye kiti cha mbele chenye kitambaa. Frank anazunguka na simu yake. Monica akachota kwa kikombe cha plastiki, akaonja, watu wakapiga makofi, vikombe vikaanza kutembea.

Walikunywa. Alisikia ule mlio wa watu wanaokunywa kitu kizuri, ambao siyo maneno.

"Mama Letisia!" Ilikuwa sauti ya Ditram. "Togwa hii umefundishwa na nani? Lete ya pili! Leo hata Mahenge sirudi!"

"Hujawahi kwenda, utarudije?" mtu akamjibu, na watu wakacheka.

"Nani kapika hii?" akauliza Mzee Oswald. "Imeniingia mpaka kwenye mifupa."

Hapo pakawa na nafasi. Ilikuwa fupi, lakini Gaudiosa aliiona yote. Monica alikuwa na neno moja mdomoni, na aligeuza kichwa kidogo kuelekea uzio.

"Nimepika mimi, baba," akasema.

Gaudiosa hakukasirika, na hilo lilimshangaza. Aliona tu jinsi ambavyo ingekuwa kuanzia pale. Angepika, wangekunywa. Angepika kila sherehe, wangeisifu kila sherehe, na yeye angekaa kwenye kigoda akitazama kwa mabua. Wasingemfukuza. Hawakuwa na haja ya kumfukuza. Abeli angekuja usiku na kuondoka alfajiri. Togwa ingekuwa na kwao, yeye asingekuwa na kwao.

Akasimama. Akachukua kata. Hakupita uani, alizunguka barabarani mpaka mlango wa mbele.

"Hodi."

Spika ikawa inaendelea peke yake. Mtu akaizima.

"Shikamooni," akawaambia wazee, akapiga goti kama inavyopasa, na wazee, kwa sababu salamu ile haikataliwi hata na adui, wakaitikia mmoja mmoja. Marahaba. Marahaba, mama. Akapita katikati ya viti mpaka kwenye ndoo yake. Ilikuwa imebaki nusu. Akainua mfuniko, akachota kwa ile kata, akanywa. Hakupiga funda moja. Alikunywa yote, taratibu, koo lake likionekana.

"Mnisamehe," akasema. "Nimechelewa kuonja."

Hakuna aliyeuliza maana yake. Vikombe vilikuwa mikononi mwa watu, vingine vimejaa, vingine vimebaki povu. Ditram alikuwa na chake cha tatu. Akakiangalia kama kitu kilichomrukia. Mama mmoja akakiweka chini polepole, halafu akaona mtoto wake anaendelea kunywa, akanyoosha mkono amnyang'anye, akaacha mkono katikati. Maana togwa ilikuwa imeshaingia. Kukiweka kikombe chini ilikuwa ni kukiri kwamba umeshakunywa ugonjwa, wewe na mwanao, na ulikuwa umeusifu. Kuendelea kunywa ilikuwa ni kukubali kwamba kile mlichotumiana kwenye simu ni uongo. Gaudiosa aliwatazama, akawatambua. Hapo walipokaa ndipo alipokuwa amekaa yeye, muda wote ule, kwenye benchi pale reli.

Monica alikuwa ameshika nguzo ya turubai. Frank alikuwa ameinua simu.

"Piga," Gaudiosa akamwambia. "Anza na vikombe."

Frank akapiga. Alizungusha simu, kikombe baada ya kikombe, na watu wakawa wanageuza nyuso zao kana kwamba ni jua. Ilipofika kwa Mzee Oswald, mzee hakugeuza. Alikuwa na togwa nusu kikombe. Aliitazama muda mrefu, kisha akamtazama yule mwanamke ambaye yeye ndiye alimzikia mama yake, na akanywa kidogo. Kidogo sana. Mtu mwingine angeweza kusema amelowanisha mdomo tu. Halafu akakiweka kikombe chini ya kiti, mahali ambapo hakuna ambaye angeona kama kimeisha.

"Kaa, mwanangu," akasema.

Hapakuwa na kiti. Gaudiosa akageuza ndoo ya maji iliyokuwa tupu, akaketi hapo, karibu na togwa yake. Spika ikawashwa tena. Yared akatoka nyuma ya mama yake, akaja akaegemea goti lake kama anavyofanya nyumbani. Monica alimwona. Hakumwita arudi, na hakumsogelea Gaudiosa.

Ile picha ya Frank haikurushwa. Alisema aliituma Morogoro, wakamwuliza hapa habari iko wapi, watu wanakunywa tu. Ile ya kwanza bado ipo. Ukiitafuta utaipata, na chini yake watu wanaendelea kuandika.

Gaudiosa amerudi reli. Kile kikombe cha bluu amekipeleka nyumbani. Ditram huja, siyo kila siku, na kabla ya kusogea huangalia kwanza nani yupo. Kuna wengine wachache. Gaudiosa anachota, anatia kwenye kikombe cha mteja, anapiga funda moja akionekana, anakinyoosha mbele. Halafu mkono wake unabaki pale hewani, na yeye anasubiri kuona kama kitapokewa.